Vikombe Sita vya Verlin Stauffacher

Njooni, enyi wenye mashine za kukata nyasi, enyi mnaokosa usingizi kwa ajili ya gugu moja lenye ua la njano. Vuteni viti, mtulize mbwa wenu, niwasimulie habari za Verlin Stauffacher, simba wa Mtaa wa Birchwood, fahari ya Ohio, mstaafu wa bima, ambaye nyasi zake zilitangazwa bora mtaani mara mbili mfululizo, na jinsi alivyoulisha mti wake wa mmepo mbolea.

Mmepo huo aliupanda mkewe, Lorna, wiki ile waliyohamia, ungali mwembamba kuliko mpini wa ufagio. Kwa miaka ishirini na minane majani yake yaliwaka mekundu kila Oktoba, hata madereva wakapunguza mwendo. Lakini mwaka uliopita majani yalitoka madogo, yamejikunja, yana rangi ya manjano, na kufikia Agosti yote yalikuwa chini. Verlin aliupenda mti ule, ingawa angekubali kung'atwa na nyigu kuliko kulisema hilo, na hofu ya kuupoteza ilimnyima raha msimu mzima wa baridi.

Aprili ilipoingia akavuka barabara Garth Pruszynski, jirani, bwana wa msumeno, mtu asiyeona mti ila huona kuni.

"Mzee, huo umekwisha," akasema. "Nipe Jumamosi moja tu nikuangushie. Tutachomea nyama mpaka Krismasi."

Verlin akasimama wima, akanyoosha kidole.

"Garth! Siku utakayowasha msumeno katika uwanja huu, utakuwa umepita juu ya maiti yangu, na juu ya mashine yangu ya kukata nyasi, ambayo bado ina dhamana ya dukani! Mti huu una njaa tu, nami nitaulisha!"

"Haya, ulishe. Mwezi wa sita usipotoa majani, nakuja na kamba."

"Njoo na kamba! Utajifungia viatu!"

Ndipo Jumamosi, baada ya mayai na kahawa, shujaa akajivika silaha: pedi za magoti, miwani ya fundi, kofia ya timu yake ya zamani. Akalitoa gerejini gari lake la vita, kigari cha magurudumu mawili cha kumwagia mbolea, na ndani yake akamimina mfuko wa ratili arobaini, ule ule anaoununua kila majira ya kuchipua, unaoahidi kulisha nyasi na kuua magugu kwa safari moja. Adui wawili kwa mkuki mmoja; ni jemadari gani angekataa?

"Sikia, ee mmepo!" akanguruma. "Leo utakula mpaka usaze!"

"Verlin." Lorna alikuwa kibarazani, miwani puani, ameushika ule mfuko mtupu. "Hapa wameandika inaua kila mmea wa majani mapana."

"Ndiyo! Magugu!"

"Na huo mmepo una majani gani, mpenzi? Ya sindano, kama msonobari?"

Gurudumu likasimama, hatua tatu kutoka kwenye shina.

"Mwaka jana ulimwaga hii hii mpaka wapi?" akauliza Lorna.

Verlin akalitazama shina. Alikuwa ameimwaga mpaka shinani, akaongeza mzunguko wa pili kwa mapenzi. Akaketi juu ya nyasi zake bora, akavua kofia. Aibu ilimshika hasa, maana kumbe njaa haikuwepo. Aliyekuwa akiuua mti ni yeye.

Lorna hakumcheka, jambo lililomuumiza zaidi. Aliingia ndani, akatoka na barua ya ofisi ya kilimo, ambako alikuwa amepeleka udongo upimwe bila kumwambia mtu, pamoja na kifuko cha mbolea ya kawaida. Vikombe sita, barua ilisema. Vitawanywe kwa mkono mbali na shina, mpaka kupita ncha za matawi, kisha maji. Verlin akatawanya akiwa amepiga magoti. Ilichukua dakika kumi na moja.

Juni mmepo ukatoa majani mapana, ya kijani kibichi. Garth akaja na kamba yake, akatazama juu, akaivua kofia.

"Nimekubali, mzee. Mti ulikuwa na ugonjwa gani?"

Verlin akamtazama mkewe.

"Ukame," akasema.

"Ukame? Mwaka jana si mvua ilifurika mpaka kwenye gereji yangu?"

"Ukame mkali, Garth."

Lorna akapaliwa na kahawa.

Basi na iandikwe, wapige makofi wote wenye nyasi: kwamba mwezi wa Aprili, mbele ya mke mmoja na ndege kadhaa, Verlin Stauffacher, simba wa Birchwood, alimwaga mbolea chini ya mmepo, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu, hakuua kitu.