Jiko la Baba na Tela la Kuazima

Jumanne, 17 Juni
Mpango umeiva. Mkesha wa Juhannus, sikukuu yetu ya katikati ya kiangazi, ni Ijumaa, na ukoo huenda kuoga mvuke kwa mwenye sauna bora. Miaka minne sasa ni kwa Risto, mdogo wangu, mwenye sauna ya umeme na maringo ya kutosha. Mwaka huu watakuja kwangu! Nalichukua jiko la kuni la marehemu baba, kutoka sauna yake kuukuu ya ziwani. Tela nimeazima. Shangazi Hilkka, jirani wa sauna hiyo, kanionya: yule kizee asiyeonekana, mlinzi wa sauna, huombwa ruhusa kwanza na kuachiwa mvuke wa mwisho. Tena eti mzigo mzito ukae mbele kidogo ya magurudumu. Ukikaa nyuma, tela ndilo litakaloendesha gari. Mimi dereva wa miaka thelathini! Nimeliweka nyuma kabisa. Kushusha rahisi.

Jumatano, 18 Juni
Nilipofika themanini kwa saa, tela likaanza kutikisa mkia na gari likacheza nalo. Jasho. Nikalisogeza jiko mbele, nikalikaza kwa mikanda minne. Nikaingia kituo cha mafuta, nikanywa kahawa. Kutoka, jiko liko nyuma. Mikanda imekaza vilevile. Nikaligusa: lina joto. Halijawashwa tangu mazishi. Niliogopa, nakiri. Nikajiambia ni jua. Mvua ilikuwa inanyesha. Nimelala nyumba ya wageni.

Alhamisi, 19 Juni
Sitini kwa saa. Lori nyuma yangu lilipiga honi mpaka nikasimama. Dereva, mama mwenye sauti ya kuamsha kijiji, akanishukia: kaka, una roho gani, babu wa watu unamkalisha juu ya chuma kwenye mvua, hata koti huna la kumpa? Nikasema sina babu. Akachungulia telani. Akaondoka bila kuaga. Nikampigia shangazi. Rudi mwanangu, akasema, ukamwombe radhi. Nirudi? Risto anicheke mpaka Krismasi? Nimepakia mawe ya kilo mia mbele ya tela. Tuone nani mzito.

Ijumaa, 20 Juni
Mteremko. Mawe yote yakahamia nyuma kwa mkupuo. Pua ya tela ikainuka, ikanyanyua gari kwa nyuma, matairi yakakosa barabara. Tukazunguka. Gari likaishia mtaroni, limeelekea nilikotoka. Mimi mzima. Tela limechomoka; waya wa usalama wa kulishikilia kwenye gari sikuufunga, maana unachafua mikono. Nililiona likipanda kilima. Likipanda! Taratibu, kama mtu anayerudi kwao, moshi wa kuni ukifuka.

Jumapili, 22 Juni
Shangazi kapiga simu. Jiko liko mahali pake, lilikutwa linawaka. Akawaita, ukoo mzima ukaoga huko juzi. Risto alilia, eti palinukia enzi za baba. Benchi la juu hakukaa mtu, lakini mbao zake zilikuwa zikilalama. Mimi waliniwekea nafasi chini. Iliniuma sana kukosa. Akanisihi niende nikaoge, hakuna aliyenuna, hata yeye mwenyewe mlinzi.

Nimetafakari siku nzima. Kosa nimeliona: tela lilikuwa dogo. Kesho naazima kubwa, la magurudumu manne. Naibeba sauna yote.