Waya wa Ethi na Mikono ya Gloriose

Jumatatu, 11 Mei

Nimepata kazi! Mama Eufrasia wa Bangwe anafunga mashine ya kusaga. Meli inashusha wakimbizi wa Burundi kila siku kutoka Kagunga, wanapewa mahindi, nani awasagie? Wanayachemsha hivyo hivyo, watoto wanaumwa matumbo. Mama anataka mashine ingurume Ijumaa, na siku ya kwanza atasaga bure. Moyo gani huo! Kazi kapewa nani? Mimi, Alphonce, fundi umeme wa Gungu. Gloriose kaikosa. Huyu ni fundi mwenzangu. Wazazi wake walikimbia Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, akakulia Ujiji. Anajisifu mno. Tatizo, sifa zote ni za kweli. Nampenda vibaya.

Jumanne, 12 Mei

Mama kanikabidhi waya wa ethi, unaomwaga ardhini umeme ukivuja, ule mnene wa milimita kumi na sita. Shaba tupu, nyuzi saba nene, zinameta. Nikakutana na Gloriose. Bila kuulizwa akaniambia ethi hufuata unene wa waya unaoleta moto kutoka nguzoni: ukiwa wa kumi na sita, na ethi kumi na sita, nisije nikaua mtu. Nikasema najua. Nilikuwa sijui. Lakini anavyoeleza kwa mikono! Mikono mizuri, mitupu, haina hata bangili.

Wazo!

Jumatano, 13 Mei

Petero, mfua bangili wa Ujiji, kazipokea nyuzi zangu kwa furaha. Mashineni nimefunga waya mwembamba, ule wa soketi. Si unafukiwa? Nani atauona? Na mimi si muuaji, nimeufidia. Mafundi humwaga chumvi kidogo shimoni ili ardhi ipokee moto vizuri. Mimi nimemwaga gunia zima la chumvi ya Uvinza. Akili ni mali!

Alhamisi, 14 Mei

Gloriose kazipokea! Kazivaa bangili zote, kazigonganisha, kacheka. Kasema kumbe na mimi nina macho. Nimerudi Gungu kwa bodaboda nikiimba, hadi dereva akaniomba ninyamaze.

Ijumaa, 15 Mei

Mbuzi! Mbuzi wa Bangwe nzima wamekuja kulamba chumvi. Wamechimba kwa kwato, mmoja kauvuta waya, ukakatika kama uzi wa kushonea. Mama akagusa mashine. Shoti! Akaanguka chali mbele ya foleni nzima. Nikajua amekufa. Akafumbua macho, akamshukuru Mungu, kisha akauliza yule Alphonce yuko wapi.

Gloriose akaitwa. Akazima swichi kuu, akafukua ule wembamba wangu, akauinua watu wauone. Akauliza ule wa kumi na sita uko wapi. Macho yangu yakaenda kwenye bangili. Akautazama mkono wake. Bangili zikalia. Akasema Yampayinka! kwa sauti ndogo sana, mshangao wa Kirundi. Afadhali angenizaba kofi.

Jumamosi, 16 Mei

Gloriose kaleta waya mnene wake mwenyewe. Kaupitisha kwenye bomba, kaufukia chini kabisa, kapima, kapima tena. Mimi nilipewa koleo na kazi ya kufukuza mbuzi. Jamani, yule dada anajua kazi! Hakuna fundi kama yeye ziwa zima hili, na nitamgombeza atakayebisha. Mashine ikanguruma. Wa kwanza kusagiwa alikuwa bibi Vénérande, aliyeshuka juzi melini na wajukuu. Unga ulipotoka akauchota, akaunusa, akalia. Nikalia na mimi.

Bangili Gloriose kampa Mama, maana shaba ni yake. Mimi kaniambia mwanamume anayemtaka alete kitu alichokitolea jasho.

Jumapili, 17 Mei

Nimeenda misa. Nimetubu kabisa, toka moyoni. Wakati wa mahubiri nilikuwa nimeinua macho juu. Kumbe kwenye mnara wa kanisa unashuka utepe wa shaba wa kuzuia radi, mpana vidole viwili, mpaka ardhini! Umekaa tu. Na mvua zenyewe zinaisha.

Nimeshamuuliza Petero. Anasema unatosha mkufu na hereni. Na kuupanda mnara ule, jasho litanitoka kweli kweli.