Gazeti la Bustani Limenivua Nguo Mbele ya Mama Chelimo

Leo msinipigie simu. Sina uso wa kuongea na mtu.

Nimeumbuka mbele ya jirani, mbele ya mume wangu, na mbele ya ng'ombe. Ng'ombe, jamani! Na yote ni kwa sababu ya gazeti la bustani ambalo nililipia mwenyewe, tena huku nikitabasamu.

Mnajua mimi ni fundi wa sare za shule. Kushona najua. Kulima sijui. Mche wangu wa nyanya mwaka jana ulizaa nyanya moja, nayo ikaliwa na ndege kabla sijaipiga picha. Basi nikaona tangazo la klabu ya bustani. Ukijiunga unatumiwa gazeti kila mwezi, kadi ya uanachama, aproni ya kijani na kofia pana ya kujikinga jua. Nikajiunga siku hiyo hiyo. (Kusema ukweli, kilichonivuta ni kofia.)

Gazeti la kwanza lilipofika, Baba Njeri, yaani mume wangu, alilishika akaligeuza mbele na nyuma.

"Hii imechapishwa nchi gani?"

"Bustani ni bustani," nikamjibu.

"Wanasema tupanguse theluji kwa kabeji."

"Si uruke hiyo page!"

"Mama Njeri, jembe tuko nayo. Mvua ya hapa Kapseret ni ya bure. Sasa gazeti ni ya nini?"

Nilimwona mshamba kabisa. Nikavaa kofia yangu nikatoka nje.

Sasa ngojeni nipunguze mzaha kidogo, maana msipoelewa hili hamtaielewa aibu yangu. Jirani yetu ni Mama Chelimo. Kati yetu ni ua tu wa miti. Zamani binti yetu Njeri alipokuwa mchanga, huyu mama ndiye aliyekuwa akimbeba mgongoni mimi nikiwa kwenye cherehani. Halafu zikaja zile vurugu za baada ya uchaguzi, kabila lao na letu zikageukiana. Sisi tulikimbia na nguo za mwilini, tukakaa kwenye mahema muda mrefu. Tuliporudi, tulikuta kila mtu ana adabu kupita kiasi. "Habari ya asubuhi." "Nzuri." "Ng'ombe wazima?" "Wazima." Basi. Miaka ikaenda hivyo. Hakukuwa na ugomvi wowote, lakini hakuna aliyeingia kwa mwenzake akala. Na huku kwetu mtu asipokula kwako mnajua maana yake. Mimi jambo hilo lilikuwa linaniuma, sitaficha.

Ndiyo maana mvua zilipoanza, nilishtuka kumwona Mama Chelimo langoni na toroli la mbolea ya zizi lake. Sikuwa nimeomba! Akaimwaga kwenye kitalu kilicho kando ya ua, akaisambaza kwa mikono yake, kisha akafungua kitambaa akanyunyiza vitu vidogo vidogo juu yake. (Mimi mtaalamu nikajua ni majivu ya kufukuza wadudu. Gazeti lilikuwa limesifu majivu.)

Akasema, "Wacha mvua ifanye kazi. Ikikuwa tayari nitakuja tukule."

Niliposikia neno kula, akili yote iliruka. Sikuuliza swali hata moja. Nilirudi ndani nikacheza peke yangu katikati ya vitambaa.

Leo asubuhi nikasikia sauti ng'ambo ya ua. "Mama Njeri! Leo saa saba nakuja kwako!"

Nikaruka kutoka kwenye cherehani. Baba Njeri nikamtuma nyama. Nikafagia, nikatandika vitambaa vya kochi, nikatoa vikombe vya wageni. Halafu nikatoka kuitazama bustani, na moyo ukanishuka. Kitalu cha kando ya ua kilikuwa kimefunikwa. Kijani tupu, kinene, hadi magotini! Saladi nilizopanda humo kwa kufuata gazeti hazikuonekana hata jani. Mgeni wa miaka yote hii aje akute pori?

Nikakimbilia gazeti. Nikapata ukurasa umeandikwa kwa herufi kubwa kwamba hawa ndio maadui wa bustani yako, na kila picha imepigwa msalaba mwekundu. Picha ya kwanza: majani mapana, maua meupe madogo, matunda meusi. Nikatazama picha. Nikatazama kitalu. Ni yenyewe.

Hapo sauti ndogo moyoni ikaniambia, kwani hii si managu? Ile mboga unayonunua sokoni kila wiki?

Nikaijibu ile sauti, "Wewe si mwanachama."

Picha ya pili ilikuwa na jani lenye vidole vitano. Nikageuka, nikaiona nayo imesimama kitaluni, imenawiri. Mimi nikaona bangi. Nikamwona kabisa chifu akiingia langoni wakati Mama Chelimo anakunywa chai. Hapo sikungoja zaidi.

Nikavaa aproni. Nikavaa glavu. Kofia, bila shaka. Nikang'oa vyote, na mizizi, kama gazeti lilivyoagiza. Nilikuwa naimba, jamani! Jasho linatiririka na mimi naimba. Gazeti likasema usiyaache magugu karibu na kitalu, yapeleke mbali. Mbali wapi? Nikainua macho, nikamwona ng'ombe wa Mama Chelimo ameweka shingo juu ya ua, ananitazama. Nikamrushia furushi. Akala. Nikamrushia lingine. Akala akifumba macho. Nikajiona jirani mwema sana.

Nilipomaliza, kitalu kilikuwa udongo mtupu na visaladi vichache vilivyonyauka. Nikakipiga picha nikaituma kwenye klabu. Wakanijibu kwa alama ya kidole gumba.

Mama Chelimo akaingia kabla hata sijavua glavu. Amevaa gauni la kanisani. Mkono mmoja kibuyu cha maziwa, mkono mwingine sufuria, na mwiko kwapani.

"Chamgei!" akanisalimu kwa lugha yao.

"Chamgei, Mama! Karibu, karibu ndani. Baba Njeri analeta nyama."

"Nyama nitakula siku ingine. Leo nimekuja na maziwa na krimu. Tutachuma ile mboga nilikupandia, tupike, tukule mimi na wewe. Managu na saga, ile ya vidole vitano. Mbegu ni ya mamangu. Nilisema kama nitakula kwako tena, nitakula kitu imetoka kwa hii udongo yako."

Jamani. Nikahisi kofia inanibana.

"Mboga... gani, Mama?"

Lakini alikuwa ameshafika kitaluni. Akasimama. Akautazama ule udongo.

"Mama Njeri. Mboga iko wapi?"

"Kuku!" nikasema. "Kuku wameingia, Mama. Hawa kuku!"

"Wewe huna kuku."

"Basi ni fuko."

"Ni fuko imekuvalisha hizo gloves?"

Na hapo ndipo ng'ombe alipoinua kichwa ng'ambo ya ua. Shina la managu linaning'inia mdomoni, na kiua chake cheupe bado kiko juu yake. Anatafuna polepole, ananiangalia mimi moja kwa moja. Mama Chelimo akamtazama ng'ombe. Akanitazama mimi. Akamtazama ng'ombe tena.

Wakati huo huo Baba Njeri akaingia na nyama yake. Hata salamu hakutoa. "Haiya! Ni nani ameng'oa managu? Si nilikuwa nangoja hiyo mboga?"

(Kumbe hata yeye alijua. Kila mtu alijua isipokuwa mwanachama.)

Mtu mwenye akili angeomba msamaha. Mimi nilikimbia ndani kuleta gazeti nijitetee! Nikalifungua, nikamwonyesha Mama Chelimo ule msalaba mwekundu. Akatoa miwani, akaivaa, akasoma picha moja baada ya nyingine.

"Kwa hivyo hii ni adui."

"Ndiyo, Mama. Imeandikwa hapo."

"Mimi nimelelewa na adui. Nikijifungua Chelimo nilipikiwa adui ndio maziwa itoke."

Basi machozi yakanitoka. Kweli kabisa, na kofia kichwani. Nikamwambia, "Mama, nilitaka ukute kumependeza. Nilitaka tu ukule kwangu. Sasa nimelisha ng'ombe."

Akainama. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza, na kwamba hataingia tena kwangu hadi mmoja wetu azikwe. Nikamshika mkono kumwomba radhi, akainua uso, na mama wa watu anacheka! Anacheka sauti haitoki. Akaketi chini pale pale kwenye udongo, na gauni la kanisani, akapiga mapaja, sauti ikarudi, na nadhani waliisikia hadi uwanja wa ndege.

Alipopata pumzi akasema, "Inuka! Kabla hajamaliza!"

Tukapita kwenye pengo la ua. Mama Chelimo akashika shina upande mmoja, ng'ombe ameuma upande wa pili. Mimi nikaingiza mikono chini kuokota yaliyobaki, Baba Njeri ameshika pembe kwa mkono mmoja, nyama kwa mkono wa pili. Ng'ombe hakutaka mchezo. Alinikanyagia kofia, akanipaka mate begani. Lakini tulipata! Tukapata konzi kadhaa, zingine zimeng'atwa nusu.

Tukaosha mboga vizuri, tukachemsha, Mama Chelimo akamimina krimu. Mboga ikanywea ikawa vijiko vichache chini ya sufuria. Hatukupakua hata. Tulikaa kwenye vigoda jikoni kwangu, tukala kutoka sufuria moja, chungu kidogo, tamu sana, na kila nikitaka kumeza ananiuliza, "Adui ameiva?" nami napaliwa.

Sasa mnaoniuliza kama gazeti la kulipia na uanachama vinamfaa anayeanza kulima, mimi nasema anza na jirani. Hata gazeti lenyewe sinalo tena. Akiondoka alilibana kwapani na mwiko wake. "Hii nimebeba," akasema. "Nataka kuona ni nini ingine tamu hawa watu wanatupa."

Naandika haya nikiwa kwenye cherehani na namsikia kupitia dirishani. Amempigia dada yake wa Moiben, anamsimulia, na kila akifika kwa ng'ombe anashindwa kuendelea. Nyinyi wengine tafadhali msicheke. Niachieni acheke huyu mmoja, nimemngoja miaka.