Usiruke Tangazo

Redio ya kinyozi ndiyo iliyomfungulia Ndululu mlango wa riziki. Alikuwa kitini pale Emali, kichwa nusu kimenyolewa, mtangazaji aliposema kwamba kusambaza filamu za wizi mtandaoni ni jinai: faini, jela, ama vyote viwili. Mashine ikanyamaza. Kinyozi akachomoa simu na kuanza kufuta, midomo ikisogea kama ya mtu anayeungama.

"Unafuta nini, Muindi?"

"Kila kitu, buda. Hata video ya harusi yangu. Ile miziki ndani yake, nani anajua ni ya nani?"

Ndululu akatazama kioo, akaona nusu kichwa na utajiri mzima. Mtu akiogopa mpaka anafuta harusi yake, ukimwonyesha kitambulisho cha plastiki atakupa nini?

Hapa tuseme ukweli. Sheria ni kitu kizuri na ina macho makali: mwenye flashi ya filamu mfukoni inamwona kutoka mbali. Lakini yule bwana aliyekula pesa za kisima chetu kabla ya uchaguzi uliopita, ambaye tunamkumbuka kwa suti, kwa kicheko, mpaka kwa rangi ya gari lake, sheria bado inaulizia nyumbani kwake ni wapi. Jambo hilo linatukasirisha sisi. Ndululu halikumkasirisha. Yeye aliliona kama soko.

Akaazima koti la harusi la Muindi, akisema anaenda mazishi. Akachapisha kitambulisho chenye ngao aliyoinakili kutoka kwenye kiberiti: INSPEKTA NYAMAI, KITENGO CHA FILAMU. Kisha akaelekea kwa Fartun.

Fartun alikuwa na kibanda mkabala na stesheni ya reli, na ndani yake diski yenye filamu elfu nne. Madereva wa malori walimletea flashi, akawajazia. Kila filamu ilianza na sauti yake ikitangaza duka kwa dakika nzima, na kila mteja, bila kukosa, aliiruka hiyo dakika kwa kidole gumba.

"Uvoo waku, mwaitu?" Ndululu alimsalimu kwa Kikamba.

"Ni museo," Fartun akajibu, kwa Kikamba laini kuliko chake. Alizaliwa hapo hapo Emali. "Karibu, mkubwa."

Kitambulisho kikapita mbele ya macho yake haraka kama panya.

"Mama, unajua miaka kumi ni mingapi?"

"Ni kumi, afande."

"Usinichezee! Faini milioni mbili, ama jela miaka kumi, ama vyote, kulingana na vile hakimu ameamka."

Fartun akaweka kikombe cha chai chini. Akalitazama koti kwa muda mrefu, kuanzia kola mpaka kifungo cha mwisho.

"Afande, watoto wangu wawili wanasomeshwa na hii diski."

"Serikali haina roho mbaya. Nipe diski, nafunga faili yako leo leo."

"Sawa. Lakini madereva watasema Fartun amewatoroka. Si useme wewe kwa kamera, kidogo tu? Mtu wa cheo kama wewe watamwamini."

Kamera pekee iliyowahi kumfuata Ndululu maishani ilikuwa ya supamaketi. Akanyoosha koti.

"Mimi ni Inspekta Nyamai! Filamu hizi zote sasa ziko mikononi mwangu. Yeyote atakayekutwa nazo ni milioni mbili ama miaka kumi. Ajipeleke mwenyewe polisi kabla sijamfikia!"

"Mashallah," akasema Fartun. "Rudia, lakini inua kidole."

Akarudia na kidole.

"Sasa kompyuta yangu ni mzee, inataka masaa kadhaa kuitoa diski bila kuiharibu. Nenda hoteli ya Hamud, sema ni mimi nimekutuma, ule mbuzi."

Ndululu akala mbuzi mara mbili. Aliporudi, diski ilikuwa imefungwa kwa karatasi kama zawadi.

Kufika mji wa Wote akafungua chaneli ya Telegramu ya kuuza filamu. Akaijaribu filamu moja: kidole gumba kikaruka dakika ya kwanza kwa mazoea, picha safi, risasi zinalia. Akazipakia zote. Wiki haikuisha kabla ya wateja kumiminika, kutoka Kathonzweni mpaka Kitui.

Miongoni mwao alikuwa Mzee Musyoka, shemasi wa Kathonzweni, aliyenunua filamu ya Musa na Farao. Mzee huyu akishalipia kitu hatupi hata ganda lake. Akaketi, akaanza sekunde ya kwanza. Kabla ya Musa kutokea, akatokea mtu wa serikali mwenye koti, kidole juu. Mzee akazima simu, akavaa kofia, akaenda moja kwa moja polisi na mikono ameshaiunganisha mbele tayari kwa pingu.

"Mwanangu, nimekuja kabla hajanifikia."

Sajini Wavinya alitazama ile dakika mara tatu, mara mbili kwa kazi na moja kwa raha yake. Namba ya kulipia ilikuwa pale pale kwenye chaneli. Kesho yake asubuhi akabisha mlango wa Ndululu mjini Wote.

"Huyu ni nani?" akauliza, simu ikiwa imeinuliwa.

Ndululu akatazama. "Ni... ni mtu tunafanana."

"Na koti mnafanana?"

Maana alikuwa amelivaa.

"Hapa sauti inakwama, afande," Wavinya akasema kwa upole. "Nisaidie. Ulisema ni miaka mingapi?"

Habari zilipofika Emali, Muindi alikimbilia kwa Fartun. Kibao cha duka kilikuwa kimepakwa rangi upya: PICHA ZA PASIPOTI, KUCHAJI SIMU.

"Hata hukuililia diski?"

"Nililie nini? Tangu redio iseme, sikuwa na usingizi, sijui nitaitupa wapi. Mara serikali ya uongo ikaja kuibeba yenyewe. Nikabandika tangazo lake mwanzoni mwa kila filamu, mahali pa langu."

"Ulijuaje ni mwongo?"

"Muindi, ni nani alirekodi harusi yako?"

Kinyozi akashika kichwa. "Ni wewe! Woi, koti langu! Liko wapi?"

"Polisi, ni ushahidi. Lakini ukitaka kuliona, tafuta filamu yoyote." Fartun akampa kikombe cha chai. "Dakika ya kwanza. Usiruke."