Alama ya Kujumlisha Kwenye Boga la Bibi

Leo nimeaibika kanisani. Tena mbele ya altare. Tena nimekumbatia boga.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni mtu wa "unajuaje?" Nilimuuliza hivyo katekista nikiwa na kaptula, nikawauliza wahadhiri chuoni (si wote walifurahi), na wakati wa mvua nikamuuliza Bibi yangu shambani kwake, nje kidogo ya Songea mjini. Nilikuwa nimemwonyesha kiboga kilichojitokeza nyuma ya ua, kidogo kama kidole gumba. Bibi akapiga kelele utadhani nimekanyaga nyoka.

"Boga changa halinyooshewi kidole! Litaoza! Kunja ngumi ndipo uonyeshe!"

"Unajuaje, Bibi?"

Akaenda zake jikoni. Basi nikarudi shambani peke yangu, nikakinyooshea kile kiboga vidole vyote kumi (na cha mguu kimoja, ili kusiwe na ubishi). Nikaona haitoshi. Chuoni nilisoma kwamba umbo la tunda huanza kuamuliwa mapema kabisa, seli zikiwa bado zinagawanyika. Nikachukua sindano, nikakwaruza mistari miwili midogo yenye urefu sawa, mmoja wa kusimama, mmoja wa kulala. Alama ya kujumlisha. Nilitaka kuona boga litavutika zaidi upande gani. Kisha nikarudi mjini kutafuta kazi, nikasahau.

Leo ilikuwa Jumapili ya sadaka ya mavuno. Bibi alinipigia simu mapema.

"Mume wangu, njoo unibebee boga langu. Mimi mgongo hauwezi." (Ndivyo anavyoniita. Utani wa bibi na mjukuu. Msianze.)

Mwaka jana mvua ilimtupa, akapeleka bakuli la maharage. Mama Tito, mwenzake wa jumuiya, akauliza kwa sauti watu wote wakasikia: "Hii ni sadaka au mbegu?" Bibi hajalisahau hilo neno. Mwaka huu alitaka kitu kimoja tu: apite katikati ya kanisa kifua mbele, na mama Tito akiwa amekaa pale anatazama.

Nikafika. Boga lilikuwa limefungwa kwenye khanga, refu, zito kama mtoto wa shule. Nikataka kufungua nilione.

"Acha! Litafunuliwa mlangoni mwa kanisa."

Kwaya ikaanza wimbo wa kuleta vipaji. Wengine wamebeba mahindi, wengine kuku. Mlangoni Bibi akavuta khanga, akanipachika boga kifuani, akanisukuma, naye akanifuata nyuma kifua mbele. Nikaanza kucheza kuelekea mbele. Ghafla vigelegele! Watu wanasimama. Mama mmoja anapiga magoti. Mzee mmoja anavua kofia aliyokuwa ameshaivua, yaani anagusa kichwa kitupu.

Nikajisemea, kumbe walikuwa wamenikumbuka hivi! Sikuwa nimekanyaga kanisani muda mrefu, nikadhani wanashangilia kurudi kwangu. Nikaongeza mbwembwe za mabega. Nikawapungia mkono. (Naomba mtu asinikumbushe ule mkono.)

Nikamfikia padre. Hakunitazama usoni hata kidogo. Alikuwa anatazama boga. Nikaliweka chini, nikaligeuza.

Msalaba. Msalaba kamili, wa rangi ya kahawia, umevimba juu ya ganda kama uliochongwa na fundi. Mikono mifupi, mguu mrefu.

Ilikuwa alama yangu ya kujumlisha.

Nilirudi kukaa. Hadi wakati wa matangazo jasho lilikuwa limefika kwenye soksi. Padre akamwita Bibi mbele, akampa kipaza sauti.

"Bibi, msalaba huu umetoka wapi?"

"Umeota wenyewe, padre. Nimepalilia tu."

Vigelegele tena. Ningeweza kunyamaza. Lakini benchi la tatu akasimama mama Tito.

"Kwa kisu! Huyu kauchonga kwa kisu! Mwaka jana katuletea mbegu, mwaka huu anatuletea uongo!"

Bibi akainamisha kichwa, akashusha kipaza sauti. Sijawahi kumwona Bibi yangu akimwinamia mtu. Nikajikuta nimesimama.

"Ni mimi! Bibi hajui kitu. Ni mimi nilikwaruza, kwa sindano, boga likiwa dogo hivi."

Nikaonyesha kidole gumba. Mtu akacheka. Nikaenda mbele, nikachukua kipaza sauti, nikaanza kufafanua. Na hapo ndipo nilipoharibu, maana nilinogewa.

Niliwaambia mistari yangu ilikuwa sawa, na huo mguu mrefu sikuuchora mimi. Seli moja hujigawa zikawa mbili, mbili zikawa nne, mpaka hazihesabiki. Zikigawanyika na kujipanga zaidi kwa urefu, boga linakuwa refu. Zikienda pande zote sawasawa, linakuwa mviringo. Hakuna fundi anayesimama pale na kamba. Kisha zinapunguza kugawanyika, zinaanza kutanuka, na kila moja inabaki mahali pake. Hata jeraha langu hazikuliacha wazi! Seli za pembeni ziliamka, zikagawanyika upya, zikaliziba, na kovu likakua pamoja na boga. Jani hivyo hivyo. Mzizi hivyo hivyo. Niliyasoma haya kwa ajili ya mtihani, lakini leo niliyasema nikiwa nimeweka kiganja juu ya lile kovu.

"Amina!" akaitikia mtu.

"Subirini, sijamaliza."

"Aleluya!"

"Hapana, jamani, hii ni sayansi!"

Vigelegele.

Padre akainua mkono. "Kijana, wewe ulichora mikono sawa?"

"Ndiyo, padre."

"Mguu ukarefushwa na seli?"

"Ndiyo."

"Nani aliziambia zirefushe huku na si kule?"

Nikafikiria homoni, nikafikiria jeni, nikafikiria na nani aliyeziambia hizo.

"Kwa kweli, padre... bado tunachunguza."

Kanisa zima likalipuka. Ngoma ikapigwa bila kuombwa. Mama Tito mwenyewe alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya kitenge, akaja kumshika Bibi mkono. Padre akanishukuru kwa ushuhuda wangu. Ushuhuda! Mimi!

Nje, Bibi alinivuta pembeni.

"Kumbe ulilichoma boga langu sindano."

"Nisamehe, Bibi."

"Na kidole ulilinyooshea?"

"Vyote. Na halikuoza, Bibi. Umeona?"

Akaikung'uta khanga yake.

"Basi imani yangu imelilinda. Si bure."

Nyuma yake akina mama wa jumuiya walikuwa wameshajipanga, mama Tito wa kwanza, wanauliza nitakuja lini na sindano yangu kwenye mashamba yao. Bibi akawajibu, kifua mbele, kwamba wote wapitie kwake kwanza.

Nilisimama kukanusha muujiza mmoja, nimerudi mjini na oda za miujiza ya msimu mzima. Mkitaka kucheka, chekeni taratibu, kama seli: mmoja, wawili, wanne.