Tani Moja na Robo ya Ritani

(Hotuba ya Mheshimiwa Sylvanus Ligunda, Mratibu Mkuu wa Kituo Jumuishi cha Ritani za Asasi, Bonde la Kilombero, siku ya uzinduzi wa Kituo, Viwanja Sitini, Ifakara, tarehe thelathini Juni, saa nane mchana. Imeandikwa neno kwa neno na Adolf, mwandishi wa kumbukumbu.)

Ndugu mwakilishi wa aliyetumwa kumwakilisha mgeni rasmi. Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa mliopo, mliopo njiani na mliotoa udhuru. Viongozi wetu wa dini, mliofungua kwa sala na mtakaofunga kwa sala. Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Mapokezi na ndugu Makamu wake, nafasi ambazo kwa sasa nazikaimu zote mimi. Wakurugenzi, makatibu na watunza hazina wa asasi zisizo za kiserikali kutoka Kiberege, Idete na kwingineko bondeni. Wadau, wadau wa wadau, mabibi na mabwana: Assalamu alaykum! (Waalaykum salaam.) Tumsifu Yesu Kristo! (Milele amina.) Shikamoni wazee! (Marahaba.)

Wapo viongozi wanaosema "itifaki imezingatiwa" halafu wanakimbilia hoja utadhani wameacha ubwabwa jikoni. Mimi siwezi, kwa sababu tangu nishike nafasi hii itifaki ndiyo imechukua sehemu kubwa ya utekelezaji. (Makofi, hasa safu ya mbele.)

Naomba muendelee na chai. Vitumbua vimepikwa na Bi Mwanamvua wa sokoni, kila mshiriki viwili, vimefungwa kwenye karatasi kwa kuzingatia miongozo ya afya. Tafuneni tu, hotuba yangu ni shirikishi.

Ndugu wananchi, ritani ni nini? Ritani ni ile taarifa ya kodi ambayo asasi, hata kama haitafuti faida, hata kama kazi yake ni kulea yatima au kupanda miti, inapaswa kuijaza kila mwaka na kuiwasilisha kabla siku ya mwisho haijapita, na siku hiyo kwa asasi zetu ni leo, jambo ambalo lilizingatiwa kwa makusudi katika kupanga tarehe ya uzinduzi. Huko nyuma mlikuwa mnahangaika kila mtu kivyake, wengine mkikimbilia vibanda vya steshenari, nisingependa kumtaja Rosa pale barabarani, mwenye kompyuta moja na printa inayogoma kila mvua ikinyesha. Anakujazia ritani mchana mmoja, unaondoka. Nauliza, mchana mmoja! Upembuzi yakinifu uko wapi? Andiko la dhana liko wapi? Masuala mtambuka yako wapi? (Kicheko. Sauti: "Lakini zilikuwa zinaingia!")

Nashukuru kwa mchango huo. Ndiyo maana mwezi Machi tuliwatangazia kwa kipaza sauti, kata kwa kata, kwamba mlete nyaraka zenu halisi, nasema halisi, si kopi: risiti, taarifa za benki, madaftari ya hesabu, mihtasari ya vikao, ili Kituo kiwaandalie ritani bure. Na mlileta! Mlileta kwa viroba, mlileta kwa baiskeli, mlileta kwa bodaboda. Nilisimama pale mwenyewe na mizani.

Wengi hamfahamu kwamba kabla ya utumishi huu nilikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mpunga kwa miaka kumi na tisa. Nimekulia kwenye mizani. Kitu ambacho hakijapimwa, kwangu bado hakijafika. Kwa hiyo tukapima. Asasi arobaini na tatu, viroba sitini na kimoja, na niwahakikishie hapakuwa na lumbesa, ule ujazo wa kupitiliza mdomo, hata moja, kila kiroba kilishonwa mdomo bila kilemba. Lengo lilikuwa tani moja ya nyaraka. Tumepokea tani moja na robo! Hiyo ni asilimia mia moja ishirini na tano ya lengo, na sijaona bonde jingine lenye takwimu kama hizo. (Makofi marefu. Mheshimiwa anakunywa maji.)

Naona mkono kule. Mama, subiri kidogo, maswali yana kipindi chake. Haya, kwa sababu umeshasimama.

(Mama wa makamo, kitenge cha bluu: "Shikamoo mheshimiwa. Naitwa Philomena, katibu wa kikundi cha Tuvushane, Idete. Tuna ile nyumba jirani na zahanati, wajawazito wanaotoka mashamba ya mbali wanakuja kusubiria pale siku zao za kujifungua. Leo wapo saba. Mfadhili katuambia bila ritani ya mwaka huu anasitisha, na nyumba inafungwa kesho. Mimi nauliza moja tu. Ritani yetu imeingia?")

Marahaba, mama. Swali zuri sana, tena ni swali la kimkakati. Wapigieni makofi Idete! (Makofi machache.) Hao akina mama saba uliowataja ndio wanufaika wa mwisho wa mradi huu, na nikwambie kwa uwazi kabisa kwamba nyaraka za Tuvushane nazikumbuka: kiroba kimoja, kilo kumi na nane na nusu, kimefungwa kwa kamba ya katani. Kazi nzuri mno. Kaa, mama.

("Imeingia, mheshimiwa?")

Ilipokelewa, mama. (Bi Philomena amekaa. Vitumbua vyake viko mapajani, hajavifungua. Anamwambia jirani yake anawapelekea wale akina mama.)

Sasa niende kwenye utekelezaji, maana nisije nikaonekana nawapa maneno matupu. Mradi una awamu. Awamu ya kwanza ilikuwa kupokea na kupima, imekamilika. Awamu ya pili ilikuwa kuhifadhi, imekamilika, nitaigusia wakati wa shukrani. Awamu ya tatu ni uzinduzi, ambao tunaufanya sasa hivi na tukimaliza tutauhesabu umekamilika. Kujaza ritani kwenyewe ni awamu ya nne, na hapo ndugu zangu nawaomba subira, kwa sababu hatuwezi kujaza bila mfumo, hatuwezi kuingia kwenye mfumo bila nenosiri, na nenosiri haliwezi kuombwa bila kompyuta, na kompyuta tayari imeingizwa kwenye rasimu ya pili ya orodha ya mahitaji. (Minong'ono. Mtu wa Kiberege: "Kwa hiyo bado?")

Hatutumii neno "bado". Tunasema mchakato unaendelea. Na katika mchakato huo nimejitoa sana. Nimekwenda ziara ya mafunzo Morogoro mara nne. Nimehudhuria warsha ya kujenga uwezo nikajengwa siku tatu. Mke wangu aliwahi kuniuliza, Sylvanus, hizi ritani zitakuua? Nikamjibu, mama watoto, ziniue, mradi Bonde lipone. (Makofi, safu ya mbele peke yake.)

("Mheshimiwa, samahani." Bi Philomena amesimama tena. "Kama haijajazwa, nipe tu kiroba changu. Nakwenda kwa Rosa sasa hivi. Ana mtandao, anafunga saa kumi na mbili. Kurasa zenyewe ninazohitaji ni kumi na nne, nilizibana pamoja juu kabisa ya kiroba. Nipe tu kiroba, baba, nakuomba.")

Mama Philomena, hamasa yako naipenda. Lakini tukimpa kila mmoja kiroba chake, umoja utakuwa wapi? Nyaraka zenu kwa sasa haziko mkononi mwa mtu mmoja. Ziko kwa wananchi. Vuta subira nimalize shukrani, ni dakika chache.

Nianze kumshukuru Mzee Limbu, mfugaji wetu na mmiliki halali wa kiwanja hiki, kwa kuturuhusu kusimika kibao cha Kituo na kupiga picha za taarifa ya utekelezaji. Mzee Limbu, kibao tutakitoa tukimaliza, na ng'ombe warudi kulala mahali pao saa kumi kama tulivyokubaliana. (Mzee Limbu: "Saa tisa tulisema.") Saa tisa, sawa. Kwa wale mlioniuliza jengo liko wapi, jengo limo kwenye mchoro, na mchoro uko hatua nzuri ya kutafutiwa mchoraji.

Pili nimshukuru ndugu Muhidin, mfanyabiashara mashuhuri hapa mjini, ambaye Kituo kilipokosa stoo alijitolea kupokea mzigo wote kwenye ghala lake. Aliupokea kwa mizani, akaulipia kwa kilo, akanipa stakabadhi ninayo hapa mfukoni, na kwa hiyo ninayo fahari kutangaza kwamba chai mliyokunywa leo haikutokana na mfadhili yeyote wa nje. Imetokana na mapato ya ndani ya mradi! (Makofi yameanza, yamekatika.)

(Muhidin amesimama: "Hebu, mheshimiwa, ngoja kwanza! Mimi uliniambia karatasi chakavu za kufungia. Nimezigawa kwa mama ntilie wote. Ningejua ni za watu ningezigusa? Wallahi nisingezigusa!")

Chakavu ni istilahi tu ya ghalani, ndugu Muhidin, tusiingie kwenye istilahi. Tatu, nimshukuru Bi Mwanamvua, ambaye, akitumia nyenzo zilizotokana na mradi huu huu, amewafungia vitumbua...

(Bi Philomena amefungua vitumbua vyake. Ameinyoosha karatasi gotini. Anasema, "Huu ni mwandiko wangu." Hajapaza sauti, lakini watu wote wamesikia.)

...vitumbua laini, vya mchele wa hapa hapa bondeni, jambo linaloonyesha mnyororo wa thamani kwa vitendo! Naona mnasimama. Ahsanteni, si lazima kusimama. Naona pia mnanyoosha karatasi zenu, mnaokota hata za chini. Usafi wa mazingira, safi sana! Tupige kaulimbiu. Nikisema "ritani", mnasema "kwa wakati". Ritani!

("Nani ana ya benki, mwezi wa tatu, ya Tuvushane?")

Ritani!

("Mimi ninayo! Ina mafuta, ila muhuri unasomeka!" Bi Mwanamvua amemwaga sinia la vitumbua vilivyobaki juu ya meza, anafungua kimoja kimoja, analia. "Jamani nisameheni, mie najua karatasi ni karatasi.")

Asasi!

("Hii ya Kiberege, chukua! Mpelekeeni mama Philomena ya kwake kwanza, ana wajawazito pale!" Muhidin ametoa ufunguo wa ghala na kumrushia mtu wa bodaboda. "Nenda, kuna viroba viwili sijavifungua bado!")

Hai! Hapo mlitakiwa kujibu "hai", lakini nimewajibia. Ndugu zangu, kwa mwamko huu ninaouona, watu kubadilishana nyaraka bila kusukumwa, bila posho, natamka rasmi kwamba awamu ya nne imeanza, tena imeanza chini ya uongozi wangu, na naomba mwandishi aliweke hilo kwenye kumbukumbu. Nawashukuru sana kwa kunisikiliza, Mungu ibariki Kilombero, na Kituo nakitangaza kuwa kimezinduliwa!

(Makofi hayapo. Ng'ombe wa Mzee Limbu wameshaingia kiwanjani, wa kwanza anajikuna kwenye nguzo ya kibao. Saa ni tisa na dakika kumi. Bi Philomena amezipanga kurasa kwenye kanga juu ya benchi, anazihesabu kwa kidole: ziko kumi na tatu. Inakosekana moja, yenye sahihi ya mwenyekiti wao, na bila hiyo Rosa hawezi kuwasilisha. Anauliza kila mtu. Ameniuliza na mimi. Nilikula vitumbua vyangu kabla hotuba haijaanza, na karatasi niliigeuza nyuma, nikaona iko tupu na safi, nikaanza kuandikia kumbukumbu hizi kwa herufi ndogondogo. Ndiyo hii. Naishia hapa, nampelekea.)