Mabomba Mapana ya Land Rover ya Parokia

Jumatatu, 12 Juni 2000
Land Rover ya parokia inakohoa kwenye mupando wa Kasha, ile njia kali ya mlimani. Tangu vita ianze, spea hazifiki Bukavu. Padri alitaka kumwita fundi Mushagalusa. Mushagalusa! Hakumaliza hata sekondari. Mimi nafundisha fizikia miaka kumi na moja. Nimeomba siku tatu niitengeneze mwenyewe. Nimepewa!

Jumanne, 13 Juni
Wazo ni rahisi: moshi ukipata nafasi, injini inapata nguvu. Kwa hiyo mabomba manne ya moshi, mafupi, mapana, moja kwa kila silinda. Nimechomelesha leo. Mushagalusa akapita, akasema kwenye mwendo wa polepole bomba pana linafanya moshi uwe mvivu. Mupando unataka membamba, marefu. Nikamuuliza amesomea wapi. Akajibu: kwenye mupando.

Jumatano, 14 Juni
Jaribio, mtaa wa Nyalukemba. Kelele! Kwenye barieri ya barabarani askari wawili walilala kifudifudi, wakidhani ni risasi. Wakanikalisha chini kwa muda wa saa mbili. Lakini kwenye tambarare, pedali mpaka mwisho, tuliruka!

Alhamisi, 15 Juni
Tumeitwa Kasha. Maman Adolphine, mke wa katekista, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu alfajiri. Tukampakia kwenda hospitali. Mupando wa kwanza, gari ikakataa. Nikakanyaga. Kelele zaidi, nguvu hakuna. Ikazimika. Adolphine akafungua mlango.

“Papa Évariste, gari yako iko na mudomo tu.”

Akaanza kupanda kwa miguu, mumewe akimshika. Watu wa njiani wakambeba kwenye machela mpaka hospitali. Mimi nyuma, nimebeba begi lake. Mtoto wa kike. Wazima wote wawili. Asante Mungu.

Jumamosi, 17 Juni
Mushagalusa amefunga mabomba yake: membamba, marefu, urefu sawa, yanaungana mbali na injini. Gari imepanda Kasha taratibu, watu tisa ndani. Ameeleza kwamba kwenye bomba jembamba moshi unakimbia, unavuta na ule unaofuata, basi injini inapata nguvu hata ikizunguka polepole. Nimemwomba msamaha. Adolphine nimempelekea sabuni na sukari. Alicheka, akaniacha nimbebe mtoto.

Jumapili, 18 Juni
Nimefikiri wakati wa mahubiri. Kama bomba la Mushagalusa, la sentimita tisini, linavuta hivi, la mita nne je? Mara nne na zaidi! Mushagalusa hakufika kwenye hesabu hiyo. Bomba linaloshusha maji ya paa letu lina mita nne kamili. Ni kiangazi, mvua hakuna mpaka Septemba. Colombe, mke wangu, yuko kwaya. Nimeshang'oa misumari sita.